Gasketi ya tatu ndani ya miezi minne (Isuzu NKR, injini 4JB1). Nikanunue wapi ya kweli hapa Mombasa?

LoriMikindani

Asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Nina Isuzu NKR ya zamani, injini 4JB1, ile ya sisi (cc) 2,771, silinda nne. Nimeinunua kwa ami yangu aliyekuwa akibebea mawe ya Mazeras. Mimi napandisha saruji na mabati kwenda Kaloleni, nashusha nazi na maembe Kongowea. Hili si gari la kutembelea. Likilala siku mbili, nyumbani panajulikana.

Shida yangu ni gasketi ya silinda hedi, ile inayobanwa kati ya bloki (mwili wa injini) na hedi (kifuniko chake cha juu). Iliyokuwamo kwenye injini ilikwenda tukipanda Mazeras na saruji: mshale wa joto ukapanda ghafla, rejeta ikatema maji, moshi ukawa mweupe. Fundi akafungua, tukanunua gasketi Mwembe Tayari, akafunga. Hiyo ya kwanza ikadumu wiki tano. Ya pili nikaambiwa ninunue ya bei juu kidogo, nikanunua duka jingine. Haikumaliza mwezi. Ya tatu niliifuata mwenyewe Jomo Kenyatta Avenue, sanduku zuri, karatasi ya kung'aa, 3,500 mkononi. Imekufa Alhamisi.

Dalili za sasa: asubuhi, injini ingali baridi, nikiwasha tu rejeta inatoa mapovu. Bomba la juu linakuwa gumu ukilibonyeza kabla hata maji hayajapata moto. Oili haijabadilika rangi. Gari linavuta, lakini kila kilomita kumi nasimama kuongeza maji.

Fundi wangu anasema zote tatu zilikuwa kopi. Kila muuzaji naye anaapa kwamba yake ni ya kweli na ile ya mwenzake ndiyo kopi. Naomba anayejua duka la kuaminika anielekeze, na anifundishe nitaitambuaje gasketi ya kweli. Pesa nitatafuta, nilichochoka nacho ni kufungua hedi.

---

DerevaKaloleni

Pole sana ndugu yangu. Nadhani lori lako nimeliona limeegeshwa chini ya mwembe karibu na Mazeras na injini ikiwa wazi. Yangu ilinisumbua hivyohivyo mwaka juzi, nikaishia kubadilisha injini nzima. Sikuwahi kujua tatizo lilikuwa nini.

---

FundiJomvu

Wa aleikum salaam. Kabla hujanunua ya nne, nijibu haya matano, na ujibu kweli tupu.

Gasketi ilikatika mahali gani? Zote tatu zilikatika palepale ama kila moja na pake? Hedi ilipotolewa ilipimwa kwa rula ya chuma na fila geji (vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya), au ilifutwa tu? Urefu wa pistoni juu ya bloki ulipimwa? Na maji ya rejeta unayatoa wapi?

Nauliza hivi kwa sababu gasketi tatu kutoka maduka matatu kuharibika kwa namna moja ni jambo gumu kutokea. Kopi zipo, tena nyingi. Lakini kopi moja itakufa siku ya kwanza, nyingine itakwenda mwaka. Zikifa zote kwa mpango mmoja, mimi sitazami gasketi tena. Natazama vile vyuma viwili vinavyoibana.

---

LoriMikindani

Shukran fundi. Ninazo zote tatu, sikuzitupa. Nimezitandaza barazani sasa hivi nikiandika.

Zimekatika palepale. Silinda ya 3, upande wa ekzosti, kwenye ule ukuta mwembamba kati ya pete ya chuma na tundu la maji. Ya kwanza pameungua pakawa peusi. Ya pili na ya tatu pete yenyewe imepinda kidogo kuelekea tundu la maji.

Hedi ilisuguliwa kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao. Haikupelekwa popote. Pistoni hazikupimwa. Kusema kweli sikujua kama kuna kitu cha kupima.

Maji ni ya kisima cha nyumbani. Mfereji kwetu unatoka siku mbili kwa wiki ukibahatika. Yana chumvi kidogo, tunaogea na kufulia, ya kunywa tunanunua kwa mwenye mkokoteni.

---

FundiJomvu

Hapo kwenye kisima ndipo nilipokuwa napatafuta.

Hedi ya 4JB1 ni chuma cha kumwaga, si alumini. Watu huona chuma cha kumwaga ni kigumu, hakidhuriki. Dhidi ya joto kinavumilia, ni kweli. Dhidi ya maji ya chumvi hakivumilii. Visima vyetu vya kisiwani na pwani yote hii vina chumvi, vingine unaionja kabisa. Ukiyatia kwenye rejeta, chumvi inakula ukingo wa matundu ya maji kidogokidogo, na joto linaharakisha kazi. Tundu lililokuwa duara linapanuka kuelekea silinda. Kila mwaka ule ukuta ambao pete ya gasketi inaukalia unapungua, mpaka siku moja pete inakuwa imekalia kovu. Moto wa silinda unapata njia, unaingia kwenye maji. Yale mapovu yako ya asubuhi ni hewa ya silinda inayosukumwa ndani ya rejeta. Ndiyo maana bomba linakuwa gumu hata kabla ya joto.

Msasa wa ubao hautengenezi hedi. Unaing'arisha, mwenye macho anaridhika, lakini bonde linabaki bonde. Tena mkono unabonyeza zaidi pembeni kuliko katikati, kwa hiyo unaweza kuiharibu zaidi.

Sasa fanya hivi. Fungua hedi. Ioshe kwa dizeli, kisha kausha. Chukua rula ya chuma iliyonyooka, ile ya wakereza, uisimamishe kwa ukingo wake juu ya hedi: urefu, upana, halafu kona kwa kona. Jaribu kupenyeza kipande cha fila chini yake. Ya milimita 0.05 ikikataa kila mahali, hedi imenyooka. Ikiingia ya 0.10 au zaidi, ipeleke kwa mkereza, usifunge. Halafu pitisha ukucha kwenye kingo za matundu yote ya maji. Ukucha unasikia mambo ambayo jicho haliyaoni.

Juu ya bloki fanya vilevile. Watu husahau bloki kwa sababu haibebeki.

---

BiSpea

Niko dukani mwaka wa kumi na tisa nauza spea za malori, nataka kusema upande wetu.

Mteja anakuja anasema "nipe gasketi ya 4JB1." Ukimuuliza alama gani, anakasirika, anadhani unamzungusha. Gasketi ya hedi ya injini hii haiko moja. Ziko za unene tofauti, na zinatofautishwa kwa mikato au matobo madogo kwenye ukingo wake. Unachagua kulingana na pistoni inavyotokeza juu ya bloki ikifika mwisho wa kupanda. Pistoni za 4JB1 zinatokeza karibu robo tatu ya milimita au zaidi kidogo, ni injini inayopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo ile nafasi ndogo kati ya pistoni na hedi ni kazi ya unene wa gasketi. Nyembamba mno, unakaribisha chuma kugonga chuma. Nene mno, injini inakuwa ngumu kuwaka asubuhi na inatoa moshi.

Mteja asipojua, maduka mengi humpa ya kati. Nami nimewahi kufanya hivyo, sitaficha.

Jambo jingine: njoo na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloki, usiniletee logibuku peke yake. Malori haya yamebadilishwa injini mara ngapi hakuna anayejua. Logibuku inasema hivi, chini ya kiti kuna kingine. 4JA1 na 4JB1 zina silinda za upana mmoja, milimita 93, ila pistoni na krenki zake hazilingani kwa sababu mwendo wa pistoni ni 92 kwa moja na 102 kwa nyingine. Nao wanaokuja na 4JG2 wakidhani ni 4JB1 kubwa, silinda yake ni 95.4, hakuna kitakachokaa. Na njoo na spea ya zamani, hata kama imevunjika vipande viwili. Mimi nikiilaza mpya juu ya kuukuu kaunta inasema kila kitu: matundu, upana, uzito mkononi.

Mwenye uzi, gasketi zako zina mikato mingapi?

---

LoriMikindani

Bi Spea, zote tatu zina idadi moja ya mikato. Nikipata vipimo vya pistoni nitakuletea pamoja nazo.

---

MzeeWaMagongo

Vijana, nimefunga injini tangu enzi za Bedford, sijawahi kupima pistoni hata siku moja na magari yalikwenda. Paka gasketi rangi ya fedha pande zote mbili, kaza bolti mpaka mkono ukwambie basi, tembeza kilomita mia, kaza tena. Hivyo vipimo ni vya kitabuni.

---

FundiJomvu

Shikamoo mzee. Kazi yako naijua na wengi wetu tumepita mikononi mwa wazee kama wewe. Nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe.

Zile injini za zamani zilikuwa na mgandamizo mdogo na nafasi kubwa, zilisamehe. Rangi ya fedha inaziba mkwaruzo, haizibi shimo la milimita. Na mkono hauwezi kujua bolti kumi na kitu zimevutika sawa. Hizi hukazwa kwa hatua, ukianzia katikati ukitoka nje kwa kuzunguka, kwanza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) halafu kwa kupima pembe ya kuzungusha. Ukikaza kwa mkono, mbili zitabeba kazi ya nne.

Na kabla ya bolti kuingia, matundu yake yasafishwe. Ukikuta oili au maji chini ya tundu lisilo na upenyo, bolti itashuka na kuibana ile oili. Spana itakwambia imekaza, kumbe unasukuma oili, hedi haijabanwa. Na oili haikubali kubanwa, inaweza kupasua bloki. Mimi napuliza kila tundu kwa kompresa, nachovya kitambaa, napuliza tena.

---

MzeeWaMagongo

Marahaba mwanangu. Hilo la oili kwenye tundu ni kweli, nililiona kwa macho kwenye lori moja pale Changamwe, bloki ilipasuka ubavuni na mwenyewe akadhani nimemuibia. Haya, pimeni.

---

Mkereza_Shimanzi

Naongeza mawili kuhusu hedi ikifika kwetu.

Usije ukaniambia "ikereze tu." Kila tukikwangua, valvu zinakaribia pistoni, na kwenye injini hii hakuna nafasi ya kuchezea. Lazima tupime kina cha kila valvu baada ya kukwangua na pengine tuchimbe viti vyake. Hedi ikiwa tayari imekwanguliwa mara mbili huko nyuma na hujui, unaweza kunilipa kwa kazi itakayokuharibia injini. Kwa hiyo napima unene kwanza.

Na kabla ya kukwangua tunaijaribu kwa hewa: tunafunga njia za maji, tunatia hewa, tunaizamisha kwenye tangi la maji ya moto. Ufa uliojificha kati ya viti vya valvu unaonekana kama uzi wa mapovu. Bila jaribio hilo unaweza kusawazisha hedi iliyopasuka.

Slivu (mirija inayovikwa ndani ya silinda) za 4JB1 ni nyembamba na nyingi zimepakwa kromu ndani. Fundi asizisugue kwa honi (kifaa cha mawe ya kukwaruza silinda) kama slivu za chuma cha kawaida. Zikiisha, zinabadilishwa.

---

LoriMikindani

Tumefungua jana Jumapili, gereji ya jirani, mimi, fundi wangu na FundiJomvu aliyetuazima rula na daili geji (kipimo chenye mshale kama saa). Mungu akulipe fundi.

Hedi kwanza. Rula kwa urefu: fila ya 0.15 ikapita katikati, kati ya silinda ya 2 na ya 3. Fundi wangu alinyamaza kabisa. Kisha nikapitisha ukucha kama nilivyoambiwa. Matundu mengine yana ukwaruzo tu, lakini lile la silinda ya 3 upande wa ekzosti limekuwa na umbo la jani la mwembe, ncha yake inaelekea silinda. Nikaweka gasketi kuukuu juu yake: pete inaning'inia kwenye lile shimo kwa upana wa punje ya mchele. Miezi minne nimekuwa nikifunga gasketi juu ya shimo hilo.

Bloki ni afadhali. Fila ya 0.05 ilikataa kila mahali, kuna ukwaruzo lakini si shimo.

Kisha pistoni. Daili geji ikawekwa sifuri juu ya bloki, tukazungusha krenki kwa spana mpaka pistoni ikafika juu kabisa na mshale ukaanza kurudi. FundiJomvu alituonyesha tupime nukta mbili kwa kila pistoni, mbele na nyuma kwenye mstari wa pini, ili pistoni isitudanganye kwa kuyumba. Tukapata 0.79, 0.81, 0.80 na 0.84. Inayochukuliwa ni ile iliyotokeza zaidi.

Leo asubuhi nimempelekea Bi Spea. Ametazama katalogi yake, ametazama mikato ya gasketi zangu tatu. Gasketi zote tatu zilikuwa za alama sahihi. Ile ya kati.

Kwa hiyo wale wauzaji watatu niliowaita waongo hapa juu, naomba radhi. Hawakunidanganya. Hata ile niliyoidharau ya bei rahisi ilikuwa sawa. Ningenunua ya elfu kumi ingekufa vilevile.

Sasa nina njia mbili: kuijaza hedi kwa kulehemu halafu ikerezwe, au kutafuta hedi nyingine. Mnasemaje?

---

Mkereza_Shimanzi

Kulehemu chuma cha kumwaga kunahitaji kukipasha moto wote na kukipooza polepole. Ikifanywa haraka ufa unazaliwa pembeni ya lehemu. Kwa shimo lililo pembeni kabisa ya silinda, na hedi imepinda hivyo, mimi nisingekuchukulia pesa yako. Tafuta hedi.

---

BiSpea

Ukinunua iliyotoka Japani, usilipe kabla haijajaribiwa kwa hewa. Muuzaji mwaminifu atakubali uipeleke kwa mkereza kwa amana. Anayekataa, mwache na hedi yake. Tazama viti vya valvu na tundu la injekta, nyufa huanzia hapo. Tazama pia kingo za matundu ya maji: hedi ya Japani mara nyingi ilitembea na maji ya dawa, utaona kingo ni kali kama za kisu.

---

DerevaKaloleni

Maadam hedi iko nje, naomba uangalie alteneta. Kwenye 4JB1 pampu ya vakyumu iko nyuma ya alteneta, ndiyo inayovuta hewa ya busta ya breki, ile inayoongezea mguu nguvu. Mimi nilibadilisha alteneta yangu kwa iliyotumika, fundi akaleta isiyokuwa na pampu, akafunga, taa ya chaji ikazima, tukashangilia. Nilipoteremka kutoka Mazeras na nazi, breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilikanyaga kwa miguu miwili. Nilisimama, alhamdulillahi, lakini taniboi wangu alishuka akakataa kupanda tena siku ile.

Kwa hiyo anayenunua alteneta aitazame mgongoni. Kuna bomba dogo la oili la kuingia na mpira mnene wa kurudisha oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Na mtu asome volti: NKR nyingine ni 12, nyingine 24. Kupima busta ni rahisi: injini imezima, kanyaga pedali mara tano mpaka iwe ngumu, bakia umeikanyaga, washa. Ikizama kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi.

---

FundiJomvu

Ahsante dereva, hilo limeokoa mtu.

Na mimi niongeze la injekta. Zikitoka, kila moja inaacha pete nyembamba ya shaba chini. Mara nyingi inabaki imeng'ang'ania ndani ya tundu. Fundi asipotazama kwa tochi anaweka mpya juu ya kuukuu, injekta inakaa juu, mafuta yanapulizwa mahali pasipo pake. Moshi unaanza na watu wanakimbilia pampu. Hesabu pete: nne zilizotoka, nne mpya.

Nozeli (ncha za injekta) nazo zipelekwe zikapimwe zinavyopuliza. Na dizeli nunua kituo kinachojulikana. Pampu ya VE, ile ya kusukuma mafuta ya injini hii, inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine, na mafuta taa hayalainishi. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili watu waache kuchanganya, lakini ile dizeli ya mitungi ya kando ya njia mimi siinunui mpaka leo.

---

LoriMikindani

Taarifa. Hedi imepatikana. Ya kwanza niliyoiona Jumanne ilikuwa safi, imepakwa rangi, na muuzaji alikataa isiende popote kabla ya pesa. Nikaiacha. Ya pili, mzee mmoja alikubali niache amana, tukaipeleka Shimanzi. Nilisimama juu ya lile tangi nikitazama maji dakika kumi nzima. Mapovu machache ya hewa iliyonaswa yalipanda mwanzoni, yakaisha, maji yakatulia. Nililipa 38,000. Imeniuma, lakini gasketi tatu, kufungua mara tatu na siku nilizolala zimeshazidi hapo.

Valvu zimesagwa, mihuri ya valvu mipya, pete za injekta nne zimehesabiwa zikitoka na zikiingia. Moja kweli ilikuwa imebaki ndani. Klirensi (mwanya) ya valvu tumeweka milimita 0.40 injini ikiwa baridi.

Rejeta tumeipeleka ikafunguliwa tangi zake na mirija kuzibuliwa kwa rodi. Kilichotoka ni tope la kahawia na magamba meupe, nusu ya kopo la rangi. Karibu theluthi ya mirija ilikuwa imeziba. Kumbe ndiyo maana hata gari likiwa bado kwa ami lilikuwa linapata moto kwenye mlima.

Tukakuta pia hakuna themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto, ilitolewa zamani. Fundi wangu alisema pwani ni joto, haina kazi.

---

FundiJomvu

Irudishe. Mafundi wetu wengi wanaitoa wakidhani maji yatapita haraka na kupoa zaidi. Kwenye injini ambazo themostati, ikifunguka, inaziba ile njia ya pembeni, ukiitoa sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Unadhani umeifungulia, kumbe umeiibia. Nunua mpya, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uione ikifunguka kabla hujaifunga.

Na maji?

---

LoriMikindani

Ndilo nililotaka kuuliza. Dawa ya rejeta nimenunua. Ichanganywe na maji gani? Ya mfereji hayaji, ya kisima sasa nayaogopa hata kuyatazama.

---

Mkereza_Shimanzi

Maji yaliyotolewa madini, yale yanayouzwa ya kuongeza kwenye betri. Soma chupa vizuri, yawe maji, isiwe tindikali ya betri, maana maduka huzipanga pamoja. Nusu maji nusu dawa, kama chupa ya dawa haisemi vingine. Ukikosa, maji ya mvua safi ni bora mara nyingi kuliko ya kisima.

---

BiSpea

Na weka mtungi wa mchanganyiko huohuo ndani ya lori. Wengi wanafunga injini vizuri, wanatia dawa, halafu njiani maji yakipungua kidogo wanachota kwenye kisima cha msikiti.

---

LoriMikindani

Wiki ya saba leo. Nimepanda Mazeras na saruji mara kumi na nane, nimeandika kila safari kwenye daftari la taniboi. Mshale wa joto unasimama chini kidogo ya nusu hata tukiwa gia ya pili. Asubuhi nafungua kifuniko kabla ya kuwasha, nawasha, natazama: hakuna povu. Bomba la juu linabonyea kama mpira wa mtoto mpaka maji yapate moto.

Jana nilifungua koki ya chini ya rejeta nikachota kidogo kwenye glasi ya chai. Kijani, unaona kidole upande wa pili.

Mtungi wa lita tano uko nyuma ya kiti, Bi Spea. Taniboi ameambiwa hata tukikwama usiku hachoti kwingine.

---

DerevaKaloleni

Mashaallah. Ile hedi ya zamani unaiuza chuma chakavu? Nina mtu anayenunua.

---

LoriMikindani

Hapana yakhe. Fundi wangu ameniomba aiweke mlangoni mwa gereji, upande wa matundu juu. Mteja akija na gasketi mkononi anamshika kidole, anamwambia pitisha ukucha hapa. Ukipita Mikindani nawe uione.